Sahihi ya Marehemu

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka minne tu, kuanzia 1968 hadi 1972. Picha zenye jina lake zimeendelea kuzaliwa kwa zaidi ya nusu karne tangu azikwe. Nyingine zilichorwa na ndugu zake kwa haki yao yote, wakaweka majina yao chini. Nyingine zilichorwa na watu ambao hata hawakumwona, kisha kwenye kona ya picha pakaandikwa kwa herufi kubwa: E.S. TINGATINGA.

Mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno, na kuyachanganya kumewaumiza wasiostahili. Mchoraji kijana aliyejifunza kwa mjomba wake, akachora chui vile vile alivyoelekezwa, ameitwa mwigaji na mghushi. Aliyeiba jina la marehemu amepita kimya na fedha mfukoni. Ili kuona jambo hili lilifikaje hapa, inabidi kurudi nyuma, kabla ya picha yoyote kuchorwa, kwenye mji uliowatenga watu kwa mitaa na kwenye barabara ya Kusini isiyopitika masika.

Mji wa kanda tatu

Dar es Salaam ya Waingereza iligawanywa kwa kanda. Oyster Bay na maeneo ya karibu yalikuwa ya Wazungu. Katikati ya mji palikuwa Uhindini, kwenye maduka na nyumba za ghorofa. Kariakoo, na baadaye Ilala, palikuwa pa Waafrika, na kati ya pande hizo mbili za mwisho paliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Mchikichini ipo upande huu wa tatu, kati ya Kariakoo na Ilala, ikiinamia bonde la Msimbazi. Maji ya mvua huteremkia huko, na kwa miaka mingi watu pia waliteremkia huko: aliyeshuka kwenye basi bila ndugu mwenye nyumba nzuri alitafuta chumba Ilala, Buguruni au Mchikichini, akaanza maisha.

Wengi wao walitoka Kusini. Sababu zake si fumbo. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma iliachwa nyuma na serikali ya kikoloni kwa muda mrefu, kisha ikapewa mradi mmoja mkubwa, ule wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kuanguka 1951. Barabara ya kwenda Dar ilikatwa na mto Rufiji, ambao haukupata daraja la kudumu hadi 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa. Msafiri wa Kusini alipofika mjini hakurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikaa, akamwita mdogo wake, naye akamwita binamu. Mnyororo huo wa jamaa kuitana ndio uliojenga biashara ya wachuuzi waliokuja kuitwa wamachinga. Ndio pia uliojenga uchoraji tunaousimulia hapa.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mmakua wa Kikristo. Kama vijana wengi wa rika lake, alikwenda kwanza kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam, akapata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Hivyo aliijua Oyster Bay kwa kuingilia mlango wa nyuma. Aliona kuta zao, na aliona kilichotundikwa juu ya kuta hizo.

Mpingo na rangi ya viatu

Kabla ya uchoraji kulikuwa na uchongaji, na ughushi wa kwanza wa sanaa katika mji huu ulikuwa wa mti. Wamakonde walivuka mto Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakitafuta kazi, na wengine wakaleta patasi zao. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alianza kuwanunulia vinyago na kuwatia moyo wachonge wanachotaka badala ya kurudia sanamu za kuwafurahisha wageni. Kutoka kwenye uhusiano huo ndiko Samaki Likankoa alikotoa, mwishoni mwa muongo huo, vinyago vya mashetani vilivyopinda na kutoboka kama moshi. Baadaye Roberto Yakobo Sangwani alisifika kwa mtindo wa ujamaa, nguzo ya mpingo yenye watu waliobebana, kila mmoja ameshikwa na mwenzake.

Mpingo ni mgumu na mzito. Kipande chake kikitupwa majini huzama. Kiini chake ni cheusi, gamba la nje la mti ni jeupe lenye umanjano. Hukua polepole sana, na ulipoanza kuwa ghali, wachongaji wasio na mtaji walichukua mti mwepesi, wakachonga sura ile ile, wakapaka rangi ya viatu na kung'arisha kwa kitambaa. Mgeni aliyekaa siku tatu hakuona tofauti. Mzoefu alikipima kinyago kwa mkono, kisha akakwangua chini ya kitako kwa kucha.

Rangi ya viatu ilidanganya kuhusu mti peke yake. Mchongaji aliuza mti mwepesi kwa bei ya mpingo, lakini kazi ilikuwa yake. Wateja wa vinyago wakati huo waliuliza kabila, hawakuuliza jina. Kinyago kilikuwa "cha Kimakonde", basi. Kwa hiyo hakukuwa na jina la kuiba. Uchoraji ndio ulioleta jina, na jina likaleta wizi wa aina nyingine.

Hadibodi, 1968 hadi 1972

Inaelezwa mara nyingi kwamba Tingatinga aliziona picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akaamini kwamba na yeye anaweza. Wapo pia wanaotazama michoro ya ukutani ya nyumba za Wamakua na kusema jicho lake lililelewa huko. Mimi naona vyote viwili vina nafasi, lakini sababu ya tatu ndiyo iliyosukuma: alihitaji fedha, na vifaa vilikuwa rahisi. Hadibodi ya dari ilikatwa miraba, upande kama sentimeta 60. Rangi ilikuwa ya mafuta, ile ya kopo inayopakwa milango na baiskeli. Vitu hivyo vilipatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Hakuhitaji chuo, wala turubai kutoka Ulaya.

Alichokifanya na vifaa hivyo hakikuwa rahisi. Alipaka kwanza rangi moja bapa ubao mzima. Juu yake akamweka mnyama mmoja, mara nyingi akiijaza picha yote: chui, tembo, ndege mwenye shingo ndefu, fisi. Hakuna kivuli, hakuna umbali, lakini mnyama anakutazama kana kwamba ndiye aliyekukuta wewe. Rangi ya mafuta haisamehe, ikikauka imekauka, kwa hiyo mkono ulipaswa kuwa na uhakika. Ukiziona picha zake chache zinazokubalika bila ubishi, unagundua kwamba zimetulia kuliko karibu zote zilizokuja baadaye. Zina nafasi tupu. Waliomfuata waliogopa nafasi tupu, wakaijaza maua.

Aliuzia nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja kabla hajaanza kuchora. Walowezi wengi walikuwa wameondoka au walikuwa wakiondoka, na nafasi yao ilichukuliwa na wanadiplomasia, walimu na wataalamu wa misaada, wengi kutoka nchi za Skandinavia. Hawa walikuwa na mshahara, walikuwa na kuta tupu, na waliipenda Tanzania ya Nyerere kwa dhati. Walinunua. Mikataba yao ilipokwisha, walifunga picha kwenye mizigo yao wakarudi nazo Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Hapo pana mzizi mmoja wa ughushi uliokuja: kazi za kweli ziliondoka nchini mapema, bila orodha na bila picha za kumbukumbu, nazo zikapotelea kwenye sebule za watu.

Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka. Walipata watoto wawili. Katika simulizi nyingi za sanaa ndoa hii hupewa mstari mmoja, nami naona inastahili zaidi, maana karakana ya Tingatinga haikuwa mahali pengine isipokuwa nyumbani. Biashara ilipoanza kwenda, aliwaita jamaa: January Linda, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah. Nyumba ya maharusi ikawa na wanaume watano au sita waliokaa chini na makopo ya rangi, wakila chungu kimoja. Yeyote aliyekulia uswahilini anajua mzigo wa nyumba ya namna hiyo unamwangukia nani. Mtindo ambao dunia inauita wa Tingatinga uliwezekana kwa sababu mwanamke mmoja aliyeolewa juzi aliupokea ukoo mzima wa mumewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umma ya sanaa, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ilianza kununua picha zake. Jina lilianza kusikika. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Tunduru aliyekuwa mtumishi wa nyumbani alitajwa kama msanii.

Usiku wa 1972

Mwaka huo ulikuwa wa wasiwasi. Aprili 7, Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Zanzibar. Mipakani kulikuwa na vita ya ukombozi ya Msumbiji upande mmoja na Uganda ya Idi Amin upande mwingine. Dar es Salaam, makao ya vyama vya ukombozi, ilikuwa mji unaolindwa kwa macho makali. Usiku ulikuwa na watu wake: wezi wa magari, walanguzi, walevi, na polisi waliokuwa wakiwatafuta.

Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake. Polisi wakaligundua gari hilo, wakalidhania la wezi waliokuwa wakikimbia, wakalifukuza. Risasi zilipigwa. Moja ilimpata mchoraji, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi.

Hakuwa mwizi. Hakuna aliyewahi kusema alikuwa mwizi. Aliuawa kwa kufananishwa, kwa sababu usiku, kutoka mbali, gari moja lilionekana kama jingine. Agatha alibaki mjane baada ya ndoa ya miaka miwili, na watoto wadogo, katika mji ambao mjane wa mchoraji wa barabarani hakuwa na pensheni wala bima.

Kifo hiki kiligeuza mambo mawili kwa mkupuo. Kwanza, idadi ya picha za kweli ilifungwa. Mtu aliyechora miaka minne, tena akianza akiwa hajulikani, hawezi kuwa ameacha maelfu. Pili, hadithi ilikamilika kwa namna ambayo wanunuzi wanaipenda: kipaji kisichosomewa, umaskini, mapenzi mafupi, kifo cha ghafla. Ulaya ilikuwa imeshazoea kulipa zaidi kwa msanii aliyekufa vibaya. Kuanzia hapo jina la Tingatinga likawa na thamani kuliko rangi iliyo kwenye ubao, na kitu chenye thamani iliyo kwenye jina pekee ndicho rahisi zaidi kughushi.

Ndugu na jina, 1972 hadi 1990

Jamaa waliobaki walikuwa na uamuzi wa kufanya, na waliufanya kwa njaa zaidi kuliko kwa fikra. Waliendelea kuchora. Waliitana, wakafundishana, wakaleta wengine kutoka kijijini. Mjomba alimfundisha mpwa, kaka akamfundisha shemeji. Atakayejifunza alianza kwa kupaka rangi ya chini, akapanda hadi kuruhusiwa macho ya mnyama. Kila mmoja alisaini jina lake: Linda, Ajaba, Tedo. Jina la marehemu likageuka kuwa jina la aina ya picha.

Hili lilikuwa jambo la halali na zuri. Ndivyo fani zinavyorithiwa kwetu, kuanzia utengenezaji wa ngoma hadi uunzi wa majahazi. Hakuna fundi wa Lamu anayeambiwa ameghushi jahazi kwa sababu linafanana na la babu yake. Simon Mpata alivuka kwenda Kenya, akachora huko hadi alipofariki miaka ya 1980, na Wajapani waliompenda walikuja kuipa hoteli ya Maasai Mara jina lake. Alisifiwa kama Mpata.

Miaka ilikuwa migumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda, maduka yalikauka. Rangi ya kopo ikawa bidhaa ya kutafutwa Kariakoo kwa kujuana, kwa bei ya ulanguzi. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowakamata mijini watu wasioweza kuonyesha ajira na kuwapeleka mashambani. Mchoraji aliyekaa chini kando ya barabara hakuwa na kitambulisho cha kazi. Naamini hofu hiyo ya miaka mingi ndiyo iliyowaonyesha wachoraji faida ya kuwa na chama chenye karatasi. Mwaka 1990 waliandikisha Chama cha Ushirika wa Sanaa cha Tingatinga, pale pale Morogoro Stores.

Ushirika uliwapa paa na anwani. Haukuwapa umiliki wa jina, na mwanya huo ulibaki wazi.

Mzee wa miguu iliyokatwa

Mfano wa pili uko karibu sana na huu. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Alianza kwa kazi ya ulinzi, kisha vinyago vyake vikaonekana. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Aliwatoa mashetani kwenye mpingo akawatia kwenye rangi: wenye masikio makubwa, midomo ya kuning'inia, wakicheza, wakigombana, wakipika. Kazi zake zikaingia kwenye maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyofunguliwa Ujerumani mwaka 2004.

Kisukari kilimpokonya miguu. Aliendelea kufanya kazi akizungukwa na wasaidizi: yeye alichora mistari, wao walijaza rangi, naye akaweka sahihi. Wachoraji wa Italia na Uholanzi wa karne ya 17 walifanya hivyo hivyo, wala hakuna anayeona aibu. Lakini alipofariki, Juni 2005, wasaidizi walibaki wakijua kila mstari wake, na soko lilibaki na kiu. Picha zenye jina la Lilanga zilizagaa kiasi cha kuwafanya wanunuzi makini kuzitilia shaka zote, za kweli pamoja na za uongo. Hapo ndipo ughushi unapoua: unamwibia mnunuzi mmoja, lakini unamshusha bei marehemu na warithi wake wote.

Jinsi jina linavyowekwa

Mbinu zenyewe hazina uchawi. Anayetaka kuuza Tingatinga wa mwaka 1970 anahitaji ubao mkuukuu, na mji unaobomoa nyumba za zamani kila siku hauishiwi hadibodi za dari zenye vumbi la miaka 40. Anahitaji rangi ya mafuta, ambayo bado inauzwa. Chai kali huipa karatasi na ubao rangi ya uzee; moshi wa jikoni hufanya kazi iliyobaki. Kisha sahihi. Sahihi ya herufi kubwa zilizoachana ni nyepesi kuiga kuliko mwandiko wa kuunganisha, maana haina mzunguko wa mkono unaomtambulisha mtu.

Kisha inahitajika hadithi, na hapa ndipo mvuto ule wa simulizi ya kusikitisha unaporudi. Picha huja na simulizi: Mzungu aliyeondoka ghafla, mpishi aliyeachiwa zawadi, mke wa zamani anayeuza kwa machozi. Mnunuzi anaipenda simulizi kabla hajautazama ubao. Han van Meegeren, Mholanzi aliyeghushi picha za mchoraji Vermeer na kumdanganya hata kiongozi wa Kinazi Hermann Göring, alifaulu kwa sababu hiyo hiyo: wataalamu walitamani sana Vermeer mpya apatikane. Kesi yake iliisha 1947, na ilimbidi kwanza athibitishe kwamba yeye ni mghushi ili asihukumiwe kwa kuuza hazina ya taifa kwa adui.

Waghushi wa kwetu hufanya makosa yanayoonekana. Marehemu alichorea hadibodi. Kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu kilienea baadaye, watalii walipotaka picha ya kukunja na kutia kwenye begi. Sahihi yake juu ya kitambaa ni ishara ya kusimama na kuuliza. Makundi ya wanyama, Mlima Kilimanjaro nyuma, Wamaasai waliopangwa mstari, vidoa vidogo vidogo vilivyojazwa hadi ukingoni, hayo ni mazoea ya wafuasi, si ya mwanzilishi. Na kuna hesabu ya kawaida: kila picha inayodaiwa ni yake inapaswa kuingia ndani ya miaka minne ya mtu mmoja aliyekuwa na familia changa na wanafunzi wa kulisha.

Sheria ilipokuwa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kuisimamia, kikaanza 2001. Hapo Tingatinga alikuwa ameshakaa kaburini karibu miaka 30. Sheria inalinda picha yenyewe, hailindi mtindo. Chui wa mtu fulani ni mali yake. Namna ya kuchora chui ni ya kila mtu. Ndiyo maana mwaka 2010 filamu za vibonzo za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa ajili ya BBC na Disney, ziliweza kuipeleka sura ya uchoraji huu kwenye televisheni za watoto duniani, huku wachoraji wengi wa Dar wakiuza picha kando ya barabara kama kawaida.

Kuna mwanya mwingine ambao wanasheria wanaujua. Katika karne ya 19 mahakama ya Uingereza ilimsikiliza mfanyabiashara aliyeuza nakala ya mchoro wa John Linnell ikiwa na sahihi ya bandia. Majaji walisema picha si hati, kwa hiyo kuandika jina juu yake si kosa la kughushi. Kosa likitafutwa, lipatikane kwenye udanganyifu. Sheria zetu za jinai zimechota mengi kutoka huko. Maana yake ni kwamba anayeiba jina la mchoraji hushikwa, akishikwa, kwa kumdanganya mnunuzi. Mjane hayumo kwenye shauri hilo. Mnunuzi ndiye mlalamikaji, na mara nyingi mnunuzi yuko ng'ambo, au ana haya kusema alichezewa.

Mchikichini, 2010 hadi 2022

Serikali ilipojenga Machinga Complex jirani na uwanja wa Karume, ilikuwa ikijaribu kuwapa paa wajukuu wa safari ile ile ya Kusini. Wengi waliona ghorofa hazina wateja, wakabaki chini kwenye soko la Mchikichini, ambalo watu huliita pia soko la Karume, kwenye mitumba, viatu na mabegi. Hapa neno feki halimtishi mtu. Muuzaji mwaminifu anakwambia mwenyewe: hii ni orijino, hii si orijino, chagua kwa mfuko wako. Bei inasema ukweli, na anayenunua jezi ya bandia anajua anachovaa. Nimewahi kufikiri kwamba soko hili linalodharauliwa lina uadilifu ambao biashara ya picha ghali haina, kwa kuwa huku bei ya kitu feki haijifanyi ya kitu halisi.

Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo, jengo la mbunifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliwaka moto. Miezi sita baadaye, Januari 16, 2022, soko la Karume likaungua usiku, na wachuuzi wakaamkia majivu.

Mwaka huo huo ulipoisha, kitu kingine kiliisha bila moshi. Sheria yetu inamlinda msanii kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Tingatinga alifariki 1972. Kwa hesabu hiyo, usiku wa Desemba 31, 2022, haki za picha zake chache za kweli zilifika mwisho, na tangu asubuhi iliyofuata yeyote anaweza kuzichapa kwenye kanga, kikombe au kalenda bila kumlipa mtu. Katika nusu karne hiyo, picha nyingi zilizomlipa mtu kwa jina lake hazikuwa zake, na si rahisi kuamini kwamba fedha hizo zilifika kwa Agatha Mataka au kwa watoto wake. Pale Morogoro Stores wachoraji wanaendelea, sasa ni kizazi cha tatu na cha nne. Ukinunua kwao, geuza picha uangalie nyuma: utakuta jina la aliyechora, na mara nyingine namba yake ya simu.